Bandari ya Mombasa "iliyochukuliwa na Mchina": tulimbishania mwizi asiyekuwepo

Mzee wa Kashata (mleta mada)

Wakuu, salaam aleikum na heshima kwa wote.

Juzi barazani petu hapa Mombasa watu wawili waliokunywa kahawa pamoja miaka na miaka wameondoka bila kuagana. Hawakugombania mke wala mpaka wa shamba. Waligombania bandari. Mmoja kasema Kilindini keshaichukua Mchina, karatasi zilitiwa sahihi zamani, tunangoja bendera tu. Mwenziwe kamwambia huo ni uzushi wa Wamarekani, na anayeurudia ni kibaraka wao. Basi "kibaraka" ikazaa "mbumbumbu", "mbumbumbu" ikamfikia mama wa mtu, kahawa ikapoa kwenye buli.

Mimi nilinyamaza, na nimejuta. Nimefanya kazi upande wa mawakala wa forodha zaidi ya nusu ya umri wangu, na nilijua kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli kisha akakikalia. Nayaandika hapa niliyoshindwa kuyasema pale.

Tuanze na mzizi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa Exim Bank, benki ya serikali ya China, dola bilioni 3.6 kujenga SGR, yaani reli mpya ya kisasa, kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ilikuwa mikopo miwili. Wa kwanza, dola bilioni 1.6, ulikuwa wa masharti nafuu: riba 2%, miaka 20. Wa pili, dola bilioni 2, ulikuwa wa kibiashara kwa miaka 15, na riba yake inapanda na kushuka kufuata soko. Treni ya abiria ikaanza mwaka 2017. Desemba 2018 ikavuja barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikionya kuwa mali za Halmashauri ya Bandari huenda zikakosa kinga ya kutokamatwa na mkopeshaji, mkopo usipolipwa. Kufika jioni, "huenda zikakosa kinga" ilishageuka "bandari imewekwa rehani". Wiki ya pili ikawa "imechukuliwa".

Serikali ya Kenya ikakanusha, Beijing nayo ikakanusha, na hakuna aliyewaamini kwa sababu mkataba ulikuwa kabatini. Wanaharakati walikwenda mahakamani kuudai, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi akatoa sehemu yake hadharani. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakachapisha uchambuzi wao. Hawakuikuta bandari imewekwa rehani.

Basi yule wa "kibaraka" ameshinda? Hapana bwana. Yeye pia hakuusoma.

Ndani ya mpango ule mlikuwa na makubaliano mengine, baina ya Halmashauri ya Bandari na Shirika la Reli. Kwa lugha ya barazani: lete au lipa. Bandari iliahidi kuipa reli kiasi fulani cha mizigo kila mwaka, na mizigo ikipungua, bandari ilipe pengo. Sasa fikiria wewe ndiye mkubwa wa bandari. Utangoja mwenye mzigo achague lori au treni? Ndiyo yakaja yale maagizo ya mizigo yote ya bara ipande SGR, la mwisho Agosti 2019. Kontena likawa linapita Mombasa kama msafiri asiyeshuka garini. Ushuru ukalipwa Nairobi, na mawakala wa huku tukabaki tunahesabu feni. Kampuni niliyokuwa ndani yake ilifunga meza saba kati ya tisa. Yangu ilikuwa mojawapo.

Hilo ndilo linaloniuma. Tulitumia mwaka mzima kubishana kama Mchina atapandisha bendera, wala hatukukiuliza kile kifungu kilichokuwa kinatutoa kazini asubuhi na jioni. Mwizi wa kubuni alituzuia tusimwone wa kweli, ambaye alikuwa amevaa tai na anaongea Kiswahili kama mimi.

Na hao waliokuwa na uhakika walikuwa na mfano mmoja tu, Hambantota ya Sri Lanka: walishindwa kumlipa Mchina, akachukua bandari miaka 99, deni likafutwa. Wakasema na sisi tutakuwa hivyohivyo.

Karibuni. Anayepinga alete kifungu, tarehe au hesabu. Anayetaka kutukana, mlango wa baraza ninaujua ulipo.

Kinyozi wa Ilala

Mzee, umeandika vizuri ila swali dogo: ubalozi gani umekulipa? Maana kila nchi ikishapigwa, hutokea mtu mwenye busara anatueleza kuwa hatujapigwa.

Mzee wa Kashata

Ha! Ubalozi ungenilipa nisingekuwa natumia simu yenye kioo cha nyufa. Lakini mwanangu, sijasema hatukupigwa. Nimesema tulipigwa mguuni, tukawa tunafunga bandeji kichwani. Ukiona sentensi yangu yoyote inamtetea aliyesaini, niite pale pale niisome tena.

Dereva wa Malaba

Shikamoo mzee. Mada nzuri, lakini kuna mahali nakukatalia. Umeandika "hatukukiuliza kile kifungu". Wewe na nani? Sisi tuliuliza. Mwaka 2019 watu waliandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu, na bango halikusema Mchina, lilisema mizigo irudi. Serikali ikalisimamisha lile agizo Oktoba. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema lilikiuka Katiba. Septemba 2022 rais mpya anaapishwa tu, akatangaza utoaji wa mizigo unarudi Mombasa. Hayo hayakuanguka kutoka mbinguni.

Na hesabu ya lori watu wa mjini huwa hawaijui. Gari moja likitoka Kilindini linaacha pesa Mariakani kwa mama wa chapati, Voi kwa fundi wa tairi, Mtito Andei kwa kijana wa kulinda gari usiku na mwenye chumba cha kulala. Treni inapita Voi kwa kasi, haili chapati. Sisi hatukuhitaji kusoma mkataba kujua umesema nini. Tuliuona barabarani.

Mzee wa Kashata

Marahaba. Umenisahihisha na nimekubali. Nilikuwa nasema habari za barazani kwetu nikazifanya habari za mji mzima. Walioandamana walijua wanadai nini kuliko sisi tuliokuwa tunachambua dunia kwa kijiko cha kahawa.

Mgeni wa Muscat

Assalaam aleikum. Nami nina la kusahihisha, na mleta mada asinichukulie vibaya kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hesabu.

Hapo kwa Hambantota umeteleza. Deni halikufutwa. Mwaka 2017 kampuni ya China Merchants ililipa dola bilioni 1.12 ikapewa hisa nyingi na haki ya kuiendesha bandari kwa miaka 99. Zile dola ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni ya Sri Lanka, nayo ikazitumia kwa madeni yake mengine yaliyokuwa yanagonga mlango. Mkopo wa Exim wa kujengea bandari ulibaki palepale, na serikali ikaendelea kuulipa. Kwa hiyo kusema bandari ilibadilishwa na deni si sawa. Waliuza walichokuwa nacho wapate dola. Mtu akiuza kiwanja alipe ada ya shule, huwezi kusema mwalimu amemnyang'anya kiwanja.

Wakati huo kundi kubwa zaidi la madeni yao ya nje lilikuwa hati fungani, yaani karatasi za mkopo ambazo nchi huwauzia wawekezaji, zilizouzwa kwenye masoko ya dola. Aprili 2022 waliposimamisha malipo, nyuma yake kulikuwa na kodi walizozikata mwishoni mwa 2019, ikiwemo VAT kushushwa kutoka 15% hadi 8%, kisha corona ikafukuza watalii, kisha 2021 wakapiga marufuku mbolea za viwandani ghafla na mavuno yakaanguka. Hapa Muscat nafanya kazi na Wasri Lanka. Mwaka ule walikuwa wanatuma nyumbani pesa na kuambiwa hakuna petroli ya kununua kwa pesa hiyo. Ukiwauliza nani kawafikisha hapo, China huwa hawaitaji kwanza. Wanataja ukoo mmoja wa kwao.

Mzee wa Kashata

Nakushukuru, ndugu yangu. Sitaifuta ile sentensi, naiacha pale juu ili anayesoma aone nilivyokosea: HAPO SI KWELI, soma jibu la Mgeni wa Muscat. Na ona nilivyonaswa. Nimekuja kulalamika kuwa watu wanarudia hadithi bila kuisoma, nami nikairudia moja ndani ya uzi huohuo. Niliisikia mara nyingi mno hata ikawa kama nimeiona.

Kinyozi wa Ilala

Sawa, mmeshakumbatiana. Sasa mimi niharibu.

Mnatulaumu wananchi kwa uzushi. Mkataba wenyewe una kifungu cha siri, kweli si kweli? Kesi isikilizwe Beijing, kweli si kweli? Sheria itakayotumika ni ya China, kweli si kweli? Kinga ya nchi kutoshitakiwa imeondolewa, kweli si kweli? Mtu akikuficha ndani ya nyumba yako mwenyewe anachokifanya jikoni, ukisema anapika sumu nani mwenye kosa, wewe au yeye?

Hesabu Kali

Kinyozi, yote manne ni kweli, na swali lako la mwisho ndilo bora kuliko yote kwenye uzi huu. Naomba niongeze uzito upande wako, halafu nipunguze kidogo.

Kuongeza: kifungu cha siri ni kibaya hata kama ndani hamna baya. Mbunge anapitisha bajeti ya kulipa deni ambalo masharti yake hajayaona. Huwezi kudai mjadala wa kistaarabu na wenye taarifa wakati taarifa zenyewe zimefungiwa. Adabu peke yake haitoshi, watu watakaa kwa adabu wakidanganyana.

Kupunguza: kuondoa kinga ya nchi na kupeleka kesi ugenini si ubunifu wa China. Hati fungani za dola za nchi zetu kwa kawaida huandikwa chini ya sheria ya Uingereza au ya New York, na ndani yake nchi inakubali kushitakiwa huko. Tofauti ni kwamba waraka wa hati fungani unausoma yeyote anayetaka. Kwa hiyo anayeishambulia Beijing kwa hicho na kuinyamazia London, mwulizeni. Anayeitetea Beijing kwa hoja ya "wote wako hivyo", mwulizeni kuhusu kabati.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeligusa, ule mkopo wa dola bilioni 2. Riba yake ilikuwa Libor ya miezi sita kujumlisha 3.6%. Libor ni kiwango cha riba ya mabenki kukopeshana, kilichokuwa kikipimwa London. Mwaka 2021 ilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo jumla haikufika 4%. Kisha bei za vitu Marekani zikapanda, Juni 2022 mfumuko wao ukafika 9.1%, benki kuu yao ikapandisha riba mara kwa mara hadi Julai 2023 ilipofika kati ya 5.25% na 5.5%. Riba ya reli yetu ikapanda nayo, ikavuka 9%. Kwa kila dola bilioni moja ya deni, kila asilimia moja inayoongezeka ni dola milioni 10 kwa mwaka. Shilingi ya Kenya nayo ikaporomoka hadi mwanzoni mwa 2024 dola moja ikawa kwenye 160. Unalipa riba kubwa zaidi, kwa pesa dhaifu zaidi.

Angalieni basi: Mchina amekopesha, kiwango kimepimwa London, aliyekipandisha ni Washington, na anayelipa ni muuza samaki wa Kongowea, kwa sababu tangu 2013 karibu kila kinachoingizwa nchini kina ushuru wa reli, ulioanza kwa 1.5%. Mnataka kupata adui mmoja hapo? Oktoba 2025 Hazina ya Kenya ikatangaza kuwa mikopo ya reli imehamishwa kutoka dola kwenda yuan ili kupunguza riba. Imepunguza, ila sasa tutakuwa tunaangalia yuan kama tulivyokuwa tunaangalia dola.

Mpita Njia wa Kampala

Sisi tulikuwa na Entebbe. Novemba 2021 habari ikaenea dunia nzima kuwa uwanja wa ndege umechukuliwa. Mkopo ulikuwa dola milioni 200 wa mwaka 2015, Exim haohao. Mwanzoni mwa 2022 watafiti wa AidData, taasisi ya Marekani, wakautoa mkataba hadharani. Uwanja haukuwekwa rehani. Lakini mapato ya uwanja yalitakiwa kulipa mkopo kwanza kabla ya matumizi mengine, na pesa taslimu zikae kwenye akaunti maalumu kama dhamana. Hadithi ni ileile ya Mombasa. Tulipojua uwanja hautachukuliwa watu wakacheka, mada ikafa. Lile la mapato hakuna aliyeliandamania.

Kinyozi wa Ilala

Haya, na mimi nitoe la kwetu. Marehemu baba alifanya kazi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mkopo wa 1970, kilomita 1,860, na Mchina hakutoza riba hata senti. Kwake yeye, kila anayesema vibaya juu ya China alikuwa hajui historia. Mimi nimekulia kwenye meza hiyo, ndiyo maana napenda kuchokoza pande zote.

Hesabu Kali

Na baba hakukosea kwa wakati wake. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia walishaikataa reli ile wakisema haitajilipa. China ilikuwa nje ya Umoja wa Mataifa ikitafuta marafiki wa kuiingiza, na Oktoba 1971 ikaingia, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioipigania. Balozi wa Tanzania pale alikuwa Salim Ahmed Salim, na furaha yake siku ile ilimgharimu: mwaka 1981 alipogombea ukatibu mkuu, Marekani ilimkatalia kura baada ya kura. Kwa hiyo hata mkopo usio na riba ulikuwa na bei, ila haikuandikwa kwa dola. Lakini serikali iliyokopesha 1970 na benki iliyokopesha 2014 tusizichanganye. Ya kwanza ilitaka kura. Ya pili inataka kurudishiwa na faida juu yake, kama benki yoyote. Anayebishana kuhusu SGR kwa kumbukumbu za TAZARA ni kama mtu anayepanga harusi ya mjukuu kwa bei za harusi yake.

Dereva wa Malaba

Kinyozi, na nyinyi mna SGR yenu. Hiyo nani anaidai?

Kinyozi wa Ilala

Sehemu ya Dar hadi Dodoma wamejenga Waturuki, na 2020 tulikopa dola bilioni 1.46 kupitia Standard Chartered. Nimepanda, ni nzuri, inakwenda kwa umeme. Swali la riba yake sikuwahi kujiuliza mpaka leo. Mwaka 2023 kwenye mjadala wa bandari yetu na DP World, kampuni ya Dubai, watu walikuwa wanasoma ibara za mkataba hadi kwenye daladala, kijana wa saluni kwangu alikuwa anazo kwenye simu. Tukatukanana vilevile. Ila kusema kweli, matusi ya mwaka ule yalikuwa na namba za ibara.

Mzee wa Kashata

Hayo matusi nayakubali.

Hesabu Kali, nimeichapisha ile hesabu yako ya Libor kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana wenzangu macho hayapo tena. Nitaipeleka jioni.

Dereva wa Malaba

Mzee, na wale wawili? Wamepatana?

Mzee wa Kashata

Bado. Kila mmoja anakuja saa ambayo anajua mwenziwe hayupo. Wa "mbumbumbu" anakuja baada ya alasiri, wa "kibaraka" baada ya isha. Muuza kahawa ndiye anayelalamika. Vikombe anauza vilevile, lakini makaa anayawasha mara mbili.